Gauni la Mama Mizani

Fundi yule alikuwa na ubaya mmoja: alipima watu kwa mdomo. Anakuzungushia tepu kiunoni mbele ya wateja wote, kisha anapaza sauti ili mkewe, aliyekaa pembeni na daftari, aandike. "Arobaini na mbili!" Halafu anaongeza la kwake: "Hapa, mama, kitambaa kitaenda kingi." Benchi zima linacheka. Kwa miaka kumi na moja Mama Mizani alisimama pale mikono juu, akivuta pumzi na kubana tumbo, akingoja yapite.

Mara ya mwisho gauni lilikataa kufunga mgongoni. Fundi hakuomba hata radhi.

"Mashine haina kosa, mama. Mwili ndio umenikimbia."

Alisema hivyo mbele ya binti wa Mama Mizani, na binti akainamisha macho kwenye viatu vyake. Hapo maji yalimfika Mama Mizani shingoni. Alitoka na gauni lake kwapani, akamwapia mdogo wake wa kike kwamba siku ya mahafali ya binti atavaa alichoshona mwenyewe, au haendi.

"Dada, wewe hujawahi kushona hata kifungo kikakaa," mdogo wake alisema. Lakini cherehani ya mkono alimwazima.

Jina la Mama Mizani lilitokana na kazi. Alikuwa mpima mizigo katika ofisi ya vifurushi, na hakuna aliyemdanganya pale dirishani. Mteja akiinua pembe ya boksi kwa kidole ili mzani usome kidogo, alimgonga kile kidole kwa rula. Na uzito wa mzigo wa mtu hakuutangaza. Aliuandika kwenye kikaratasi, akakisukuma chini ya kioo.

Gauni alilichora nyuma ya fomu ya vifurushi, na kila mstari ulichorwa kwa hasira. Vifungo viwe mbele, toka shingoni hadi magotini, asije akamwomba mtu amfunge mgongo. Mikono iishie kwenye viwiko. Mifuko iwe miwili, tena mikubwa, kwa kuwa fundi aliwahi kumwambia mwenye nyonga kama zake hawekewi mifuko. Akanunua kitambaa cha kijani, akazidisha kidogo kwa woga wa mwanafunzi. Akajifungia chumbani, akajipima. Arobaini na mbili, ileile ya fundi. Akahamishia vipimo kwenye karatasi za kufungia mizigo, akaacha nafasi ya mshono, akakata, akashona.

Jumatano jioni alilijaribu. Vifungo vya juu vilikubali. Vya katikati vilikaa mbali na matundu yake, upana wa kiganja kizima. Mahafali yalikuwa Jumamosi. Alipiga kigoda teke, akautukana uzi, akaitukana cherehani ya watu, na mdogo wake alipoingia akamkuta amekaa sakafuni analia kwa hasira.

"Simama nikupime," mdogo wake alisema. Akazungusha tepu. "Pumua, dada."

"Napumua."

"Hupumui. Umebana tumbo. Mlango umefungwa, tuko wawili tu, unamficha nani?" Halafu akashindwa kujizuia. "Na wewe ndiye unayewagonga watu vidole kwa kuinua pembe za mizigo. Mkuki kwa nguruwe."

Mama Mizani hakucheka. Alikuwa anamwona fundi, na tepu yake, na benchi lake. Kumbe mtu yule alikuwa amehamia mpaka chumbani kwake, na hata akiwa peke yake alikuwa akijibana kwa kumwogopa yeye. Miaka kumi na moja ya kushonewa magauni ya mwanamke asiyepumua! Alimchukia, kisha akajichukia mwenyewe kidogo, kisha akaachia pumzi yote.

"Arobaini na sita," mdogo wake alisema, polepole.

Kitambaa kilichobaki kilitosha. Walifumua mishono ya pembeni, wakaongeza kipande kila ubavu, toka kwapani hadi kwenye pindo. Cha kushoto kilikwenda upande. Kikaachwa.

Jumamosi asubuhi njia ya mahafali ilipita mbele ya duka la fundi, na Mama Mizani hakutafuta njia nyingine. Fundi alimwona na binti yake, akatoka hadi mlangoni.

"Mama, hilo nani kakushonea?"

"Mimi."

Fundi akamzunguka, macho ubavuni. "Naona umeungaunga. Kiuno ulichukua ngapi?"

Benchi likajiandaa kucheka. Binti akaanza kuangalia viatu.

"Arobaini na sita," Mama Mizani alisema, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. Kisha akamgeukia mke wa fundi kule pembeni. "Ile ya zamani ifute, mama. Andika arobaini na sita, na uandike kwamba hapo nilikuwa napumua."

Fundi akafungua mdomo. Mkewe hakumngoja, alikuwa ameshaanza kuandika.