Marehemu na Koti la Babu

Mtaa mzima ulimwita Marehemu, naye aliitika bila kinyongo. "Marehemu, umeamkaje?" "Nimeamka salama, nashukuru." Mgeni akipita hapo lazima ageuke atazame vizuri. Jina alilipata kwa sababu kabatini mwake hamkuwa na nguo ambayo haikuvaliwa kwanza na mtu aliyekwisha kuzikwa. Suruali zake zilipanda hadi karibu na mbavu, zina marinda mbele na pindo la kukunja chini, zimeshikiliwa na mikanda ya mabegani. Alikuwa na vizibao, mashati ya kola ndefu na kofia ya pama ambayo aliivua kila akikutana na mtu wa kumsalimia. Wenzake wa rika lake walivaa fulana zenye maandishi wasiyojua maana yake, naye akipita katikati yao kwenda kununua chumvi ungedhani picha imeshuka ukutani.

Na zilikuwa safi, jamani! Zingekosaje, naye ni dobi? Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi ya umeme, pasi ya mkaa ya siku umeme ukikatika, beseni la wanga, na nguo za watu zimening'inia hadi darini. Suruali iliyopita mikononi mwake, mstari wake ungekata kitunguu.

Ukimuuliza kwa nini anapenda nguo za kale, hakuwa na hotuba. Alipenda kwamba kuna mtu aliinama akayapanga marinda yale kwa subira. Alipenda vifungo vya pembe na kifuko kidogo cha saa. Basi. Kuna watu wanafuga njiwa, na hakuna anayewauliza kama wanataka kutaga mayai.

Lakini binadamu, loo! Binadamu hakubali mtu apende kitu hivi hivi tu. Wanaume walimletea mashati yao na maoni yao pamoja. "Marehemu, wewe unajua. Zamani mwanamke alikuwa hajibu. Au siyo?" Yeye aliuliza, "Hili nilitie wanga?" akaendelea kupiga pasi. Wangemfuata nyumbani wangezimia. Mkewe alikuwa fundi umeme, mwanamke wa kupanda nguzo na koleo mdomoni, na jioni akirudi humkuta mume jikoni, kizibao mwilini na aproni juu yake, anamenya viazi. Mwenye mshahara mkubwa alijulikana, na hakuna aliyekosa usingizi kwa hilo.

Aliyedanganyika kuliko wote alikuwa baba yake mkubwa, ambaye ndiye aliyebaki mkuu wa ukoo. Huyo kila akimwona alipiga kofi paja lake. "Ya kale dhahabu! Kijana mmoja tu katika ukoo mzima ameshika ya wazee, naye ni huyu."

Sasa siku moja asubuhi mdogo wake Marehemu, wa kike, wa mwisho kuzaliwa, aliingia dukani na mkoba mmoja. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba likafunga. Marehemu hakuuliza nani. Alikuwa ameshauliza miaka iliyopita, na kila mara wazee walikaa, wakakohoa, wakasema ndoa ni kuvumilia, wakamrudisha kwa mumewe. Alizima pasi, akafunga duka, akamchukua kwake. Mkewe alilitazama lile jicho, akatukana tusi ambalo siliandiki, akatandika kitanda.

Haikupita wiki, baba mkubwa akaja dukani na kifurushi kwapani. Akakifungua juu ya meza mwenyewe, polepole. Lilikuwa koti la babu: sufu nzito ya kijivu, kola pana, mshono wa mkono kuzunguka ukingo wote. Marehemu alikuwa akilitamani koti lile tangu utotoni. Babu alipofariki aliliomba, akaambiwa hilo ni la mkubwa wa ukoo, akome.

"Chukua, mwanangu, ni lako," baba mkubwa alisema. "Jumapili shemeji yako anakuja kwangu kumchukua mkewe. Mimi nitafungua kikao, lakini wewe ndiye utakayesema. Mdogo wako anakusikiliza wewe. Akikuona ndani ya koti hili, atajua waliosema ni wazee wote, walio hai na waliokufa."

Tusimpambe mtu. Marehemu alifurahi. Mkono wake ulikwisha kuingia kwenye sufu ile kabla kichwa hakijaelewa kinachouzwa ni nini. Alipoelewa, mzee alikuwa ameshavuka barabara, ameridhika, maana kwake mtoto asiyepinga amekubali.

Mdogo wake alimkuta uani amechutama mbele ya koti. Bitana, kile kitambaa cha ndani, ilikuwa imeoza kwa jasho na kuliwa na nondo, ikiguswa inabaki mkononi, naye alikuwa akiing'oa.

"Umelipwa, kaka?"

Alijikuta hana pa kutazama. "Sikuuzi," alisema.

"Kanisemee hivyo mbele yao. Hapa uani hata kuku wananitetea."

Maneno yale yalimchoma, na kwa haki. Usingizi ulimgomea hadi Jumapili.

Sebule ya baba mkubwa ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma mgongoni, na ukutani picha ya babu amekaa na bibi amesimama nyuma yake. Shemeji alikuwa ameshafika, ananukia manukato, amekunja nne. Mama mkubwa, mke wa mwenye nyumba, alileta chai akakaa pembeni kwenye kigoda. Marehemu aliingia na mdogo wake, na koti la babu likiwa mabegani limemkaa utadhani alipimiwa. Baba mkubwa karibu atoe machozi.

"Tazameni! Mzee amerudi. Haya, mwanangu, mwambie mdogo wako arudi kwake, tunywe chai."

Marehemu alivua kofia. "Mdogo wangu harudi."

"Unasemaje?"

"Harudi. Leo harudi, kesho harudi. Ng'o!"

Shemeji alicheka kwa pua. "Hebu mtazameni. Amevaa kama mwaka wa njaa, halafu anatuletea mambo ya kisasa."

"Shemeji," Marehemu alisema, "wewe umevaa jinzi ya juzi na saa inayoongea na simu, lakini ngumi yako ni ya kale kuliko koti hili. Mimi nimechukua koti, ngumi nikaiacha. Hata bitana nimeitoa kwa sababu ilikuwa imeoza. Nani kakwambia ukipenda mshono wa mtu lazima upende na makosa yake?"

"Shika adabu!" Baba mkubwa alikuwa amesimama. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Baba yangu angeona aibu. Enzi zake mwanamke hakutoka nyumbani kwake na mkoba. Mtazame bibi yako pale ukutani. Mtazame alivyovaa, mikono ya gauni hadi viganjani. Hiyo ndiyo heshima!"

Marehemu aliitazama picha. Aliijua mikono ile. Alikuwa akiisifu kila akija, jinsi ilivyobana kwenye vifundo vya mikono kwa vifungo vidogo vidogo. Alifungua mdomo ajibu, lakini sauti iliyosikika haikuwa yake.

"Mikono ile ilikuwa ya kuficha alama," alisema mama mkubwa kutoka kwenye kigoda.

Watu waligeuka kama wamesikia kochi linaongea.

"Mimi niliolewa nikaingia nyumba ile, nikamsaidia kufunga vile vifungo. Jua linawaka, yeye amefunga hadi viganjani, na ninyi mnasema heshima. Akanifundisha na mimi kushona ya kwangu." Alimtazama mumewe. "Kwa hiyo baba yako asingeona aibu yoyote. Hilo lisemwe tu."

Hasira zilimpanda Marehemu hadi masikioni, na safari hii hakuwa na kichekesho cha kuzifunika. Alijiona mjinga: miaka yote ile anasifu mshono, hakuuliza ulishonewa nini.

"Vua koti la baba yangu," baba mkubwa alisema. "Wewe si wetu. Vua."

Marehemu alilivua. Alilikunja kidobi, mikono nyuma, kola juu, akaliweka kwenye kochi pembeni ya mzee. Lilimuuma, tena sana, na hakujifanya halimuumi.

"Koti nimelifua, limetakata," alisema. "Yaliyobaki fueni wenyewe."

Shemeji aliinuka akasimama mlangoni, kifua mbele. Mdogo mtu alimwendea hadi pua zikakaribiana, lile jicho likiwa bado na rangi ya zambarau.

"Nipishe," alisema. "Na nguo zangu zilizobaki nitakuja kuzichukua na wifi yangu. Unamjua. Anatembea na koleo."

Akapisha.

Habari zilitangulia kufika mtaani. Jumatatu wazee wawili watatu walipita na vifurushi vya nguo chafu wakielekea kwa dobi mwingine, wakihakikisha wanaonekana. Marehemu alikuwa mlangoni na kizibao chake cha mistari, suruali imepanda hadi mbavuni, na aliwavulia kofia kila mmoja. Yule mwenye mazoea ya kuuliza kuhusu wanawake wa zamani alisimama, akamkagua juu hadi chini.

"Sasa si uache kuvaa hivyo? Unatuchanganya."

"Nitavaa hivi hadi mnizike," alisema Marehemu, "na mtabaki mmechanganyikiwa."

Mchana, joto likiwa limekaza, mama mkubwa aliingia na furushi limefungwa kwenye shuka. Hakukaa. Alilifungua juu ya blanketi la kupigia pasi: magauni, mengine ya tangu ujana wake, vitambaa vya kupendeza, kila moja mikono mirefu, kila moja vifungo kwenye vifundo vya mikono. Alikunja mkono wa lile alilovaa hadi juu ya kiwiko, alama zote zikaonekana, akaweka kidole.

"Yote. Kata hapa."

Marehemu alichukua mkasi.