Alichukua nywila yangu msibani, sasa kosa lina jina langu

Admin, ficha jina langu na la ofisi. Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mama wa watoto wawili, naishi Singida mjini. Kwa miaka kumi na moja natunza kompyuta kuu ya taasisi yetu, ile moja inayohudumia ofisi zote za mikoani. Kampuni iliyotuuzia programu ikituma marekebisho, mimi ndiye ninayeyasoma, kuyajaribu na kuyaweka. Mkuu wangu anaidhinisha tu. Mfumo haumruhusu kuweka kitu.

Mwezi uliopita yalikuja marekebisho yenye zuio: yasiwekwe mpaka tupate kwanza mengine ambayo kampuni ilikuwa haijayatoa. Nikamweleza mkuu, nikayaacha. Siku mbili baadaye mama yangu akafariki, nikaenda kijijini kwetu, Kinyangiri.

Mkuu alikuja kuzika. Aliketi na wanaume, akala ugali na mlenda, akampa baba pole kwa Kinyiramba. Kabla ya kuondoka akaniita nyuma ya zizi.

"Dada, niachie paswedi yako. Likitokea la dharura nisikusumbue."

Ofisini kwetu ndivyo tunavyoishi: aliyefiwa hapigiwi simu, anaacha funguo zake kwa mwenzake. Nikamwandikia kwenye karatasi. Kosa hilo ni langu, silikatai.

Jumamosi, wakati naosha masufuria ya matanga, yeye alikuwa ofisini. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu na alitaka wakute kila kitu kimewekwa. Akaingia kwa jina langu, akaliruka zuio na kuyaweka yale marekebisho. Hakujaribu popote. Halafu akayathibitisha papo hapo, hatua ambayo mimi huisubirisha hata mwezi mzima, kwa sababu ukishathibitisha, toleo la zamani linafutwa na huwezi kurudi nyuma. Jumatatu mfumo ukazimika. Siku mbili, mikoa yote.

Niliporudi nilikuta barua mezani inayonitaka nijieleze. Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha jina langu kwenye kila hatua. Wenzangu wameshaanza: "Dada, siku hizi zuio kwako ni pambo?" Nikamfuata mkuu.

"Andika kwamba kabla ya kwenda msibani ulipanga marekebisho yajiweke yenyewe Jumamosi, ukapitiwa," alisema. "Nitakuombea. Utapewa onyo tu."

"Na nikisema ni wewe? Kijiji kizima kiliniona Kinyangiri siku hiyo."

"Watakuuliza paswedi ulimpa nani, kwa kibali gani. Hilo ni la kufukuzwa, mama. Mimi nastaafu karibuni. Wewe una watoto wanasoma." Kisha, bila aibu, akaniuliza: "Mzee kule kijijini anaendeleaje?"

Nilitoka nikarudi mezani kwangu. Mtu ametupa udongo kwenye kaburi la mama yangu akiwa tayari anajua alichofuata. Mume wangu anasema, "Chukua onyo, yaishe." Yeye hajui kwamba fundi akishajulikana kuwa anaruka zuio, hapewi tena mfumo autunze.

Nimeandika barua mbili. Ya kwanza inaniacha kazini kwa kosa ambalo sijawahi kulifanya hata mara moja. Ya pili ina ukweli wote, wangu na wake, na huenda ikatuondoa wote wawili. Ijumaa saa nne natakiwa kupeleka moja. Msinipe pole, nimeshapewa za kutosha. Nishaurini: nipeleke ipi?