Sabuni Aliyoichukua Mtani Wangu

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti ukae, maana najua umeombwa kujiunga na biashara ya mtandao na hujajua ujibu nini. Mimi niliombwa mara mbili katika wiki moja. Sikucheki hata kidogo. Nitakueleza nilivyochagua, na nilipokosea kwanza.

Nilikuwa nimestaafu ualimu wa shule ya msingi, naishi Chemchem, na siku zilikuwa ndefu. Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mama wa watoto watatu, alinijia akiwa amevaa vizuri.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umependeza, kuna harusi?"

"Hakuna harusi, mwalimu. Kuna kampuni."

Kampuni yake iliuza unga wa lishe kwenye makopo ya rangi ya dhahabu. Alinipeleka ukumbini, tukasimama, tukapiga makofi, tukaketi, tukasimama tena. Siku mbili baadaye mwalimu mwenzangu mstaafu akaniletea habari za kampuni nyingine. Hiyo iliuza sabuni za vipande, hazina hata karatasi ya kung'aa. Hakukuwa na ukumbi. Alinieleza tukiwa tumekaa barazani, tunachambua mchicha.

Kama hujawahi kuingia, biashara hizi zinafanana kwa umbo. Unanunua bidhaa kwa kampuni, unawauzia watu, na unawaingiza wengine wauze chini yako. Wakiuza, nawe unapata kidogo. Ugumu ni kujua kama bidhaa yenyewe inatakiwa, au kama kinachouzwa ni hamu ya watu kuingia tu.

Ingekuwa ni mimi peke yangu, ningechagua kwa kubahatisha. Lakini mdogo wangu, aliyeolewa Ulyankulu, alisikia, akanipigia simu.

"Dada, ukichagua wewe, mimi naingia chini yako siku hiyohiyo. Namuuza yule mtamba."

Mtamba yule ndiye ng'ombe pekee aliyekuwa naye, na alikuwa na mimba. Nilimwambia, "Usiuze kitu mpaka nikupigie." Akajibu, "Basi usichelewe, mnunuzi ameshakuja kumwangalia mara mbili." Kuanzia hapo nilikuwa namchagulia na yeye.

Nikaamua kupima. Nilinunua makopo machache ya unga na vipande vichache vya sabuni, nikavipeleka kwenye jumuiya yetu, ile ya kusali nyumba kwa nyumba. Tulipomaliza sala nilieleza kwa utaratibu, kama niko darasani. Hawakuniuliza swali hata moja. Makopo yote, ila moja nililojiwekea, yakanunuliwa kabla chai haijapoa, na sabuni ikanunuliwa moja tu. Nilirudi nyumbani natembea kwa madaha. Unga umeshinda, nikasema moyoni. Usiku huu nampigia mdogo wangu.

Njiani kuna fundi baiskeli. Yeye ni Mgogo, mimi ni Mnyamwezi, na sisi ni watani tangu enzi za misafara, watu wetu walipokuwa wakipita nchini kwao na mizigo. Mtani hana adabu kwako na huruhusiwi kumkasirikia. Akipenda kitu chako, anakichukua.

"Mnyamwezi!" alipaza sauti watu wote wasikie. "Babu zako walibeba meno ya tembo ya watu mpaka pwani, na wewe leo umejitwisha maboksi ya watu. Hiyo mizigo mtaitua lini?"

"Na nyie mliokaa njiani kumdai hongo kila mpita njia, hamjambo?"

"Hatujambo. Na hongo ya leo ndiyo hii." Akaingiza mkono kwenye kapu langu, akatoa kipande kimoja cha sabuni na kopo nililojibakizia mwenyewe.

Nikacheka, nikamwambia achukue tu, maana mengine yote yamekwisha. Nikamsimulia jinsi yalivyogombewa. Akaacha kuzungusha gurudumu.

"Walionunua ni kina nani?"

"Watu wa jumuiya."

"Kati yao, nani hukumfundisha yeye, au mtoto wake?"

Nilijaribu kuhesabu, nikakosa hata mmoja.

"Hao hawakununua unga," akasema. "Wamemwamkia mwalimu wao. Sasa mimi sikuheshimu, na kila mtu anajua. Nipime mimi."

Maneno yale yaliniingia. Sisi watu wa huku ni vigumu kumkatalia mtu mzima usoni, hasa aliyekushikisha kalamu. Nilikuwa nimepima heshima yangu nikadhani nimepima soko. Usiku ule sikumpigia mdogo wangu. Nilimpigia asubuhi na kumwambia asubiri. Alinuna, lakini akasubiri.

Ikapita wiki, ikapita nyingine. Hakuna aliyerudi kuomba kopo la pili. Nikaenda kumjulia hali jirani mmoja wa jumuiya, nikaliona kopo langu kabatini, juu ya kitambaa cha kufuma, kifuniko hakijaguswa. Alipoona nalitazama akawahi kusema, "Nalitunza, mwalimu, ni zuri sana." Nilimshukuru kwa moyo wote. Kweli lilikuwa zuri, pale kabatini.

Fundi yeye hakutunza chochote. Kila nilipopita alinitangazia hali ya unga wangu.

"Mwalimu, umenilisha chaki! Umezoea kuila darasani, ukadhani na sisi tunaila!"

Kuhusu sabuni hakusema neno. Halafu siku moja, jua la saa kumi, nikamwona anakuja nyumbani kwangu kwa miguu. Mikono yake, ambayo tangu nimjue ilikuwa myeusi kwa grisi hadi kwenye kucha, ilikuwa safi. Alinyoosha mkono mmoja, na ndani yake kulikuwa na pesa.

"Nipe sabuni mbili," akasema chini chini. "Na usimwambie mtu kwamba Mgogo amemlipa Mnyamwezi."

"Nitatangaza kanisani!"

"Basi nipe tatu, nifidie aibu."

Hapo ndipo nilipojua. Nilimwendea yule mwalimu mwenzangu, nikamuuliza kama naweza kuanza na boksi moja tu, na kama nitapata kitu nikiuza sabuni bila kumwingiza mtu yeyote. Akajibu ndiyo kwa yote mawili, akanionyesha na karatasi ya masharti. Nikajiunga. Mwanafunzi wangu nilimweleza ukweli kwa upole, naye bado ananiamkia vilevile.

Kisha nikampigia mdogo wangu. "Mtamba abaki zizini. Nakutumia vipande vitatu kwa basi. Usimpe shemeji wala mchungaji. Wape watani zako."

Siku hizi nauza sabuni, si nyingi, kwa watu wanaorudi wenyewe. Mdogo wangu anauza zake Ulyankulu, na mtamba alizaa ndama jike mwenye baka jeupe usoni. Nikienda kumtembelea ananipa maziwa kabla sijakaa.

Kwa hiyo, wewe uliyeombwa, fanya hivi: kabla hujajaza fomu wala kuuza chochote, chukua bidhaa moja umpe mtu asiyekuonea haya, usimkumbushe, kisha subiri uone kama atakuja mwenyewe kununua ya pili.