Kitanzi Kilichoinuliwa Mara Tatu

Katika chumba cha kufuma walimwita Mama Mistari, na jina hilo hakupewa bure. Kofia zake za rangi mbili zilizunguka kichwa bila kuonyesha mahali rangi ilipobadilika. Ufumaji wa mzunguko hupanda ukizunguka kama ngazi ya mnara: ukiingiza rangi mpya, mwisho wa mstari haukutani na mwanzo wake, kinabaki kidato kinachoumbua kazi nzima. Dawa yake aliijua. Alifuma mzunguko wa kwanza wa rangi mpya kama kawaida. Alipoanza wa pili, aliinua kitanzi cha rangi ya zamani kilichokuwa chini, akakifuma pamoja na cha juu yake. Mara moja tu, basi. Kidato kikapotea.

Alhamisi asubuhi wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliokota kofia moja kwenye kapu akaivaa.

"Wifi, hii ina nundu. Umemfumia ngamia?"

Chumba kizima kikacheka. Mama Mistari naye akacheka, ila mkono wake ulikuwa umeshaivuta kofia.

"Uzi huu mbaya."

"Juzi ulisema sindano. Ni macho hayo, bibi wewe. Jumamosi nakupeleka kwa daktari wa macho, ukikataa nakukokota."

"Haya, tutaenda."

Alikubali upesi. Macho yana dawa yake, miwani.

Wenzake walipotoka kwenda kula, aliigeuza kofia ndani nje akaisogeza dirishani. Aliona vizuri mno. Kila rangi ilipobadilika, kitanzi kilikuwa kimeinuliwa katika mzunguko wa pili, kikainuliwa tena katika wa tatu, na tena katika wa nne, mpaka kitambaa kikajikunja. Vitanzi vyenyewe vilikuwa safi. Mkono haukuwa umekosea hata mara moja. Ulikuwa umefanya kazi iliyokwisha kufanywa.

Mama yake alianza na chumvi. Alitia chumvi mchuzini, akageuka kuchukua mwiko, akatia tena. Nyumba nzima ilimtania. Miaka miwili baadaye alimtazama yeye, mwanawe wa kuzaa, akamuuliza kwa adabu yote ya mgeni, "Na wewe mwenzangu, kwenu wapi?"

Akaikunja kofia, akaificha chini ya mto wa kiti, akaanza nyingine. Safari hii alijiwekea pini. Akishainua kitanzi, ataichomeka hapohapo. Akiikuta, asiguse, apite.

Alasiri ilikwenda vizuri. Wifi alikuwa kando yake akisimulia habari za jirani aliyegombana na fundi bomba, naye akawa anacheka na kufuma, kufuma na kucheka. Mara kidole kikagusa kitu kigumu.

"Nani kaacha pini kwenye kofia?" akasema, akiichomoa. "Itamtoboa mtu kichwa."

Akaiweka mezani. Akaingiza sindano, akainua kitanzi cha chini.

"Si wewe mwenyewe?" wifi akasema. "Nimekuona ukiichomeka sasa hivi."

Mama Mistari akaitazama pini, kisha kitanzi kilichokuwa kwenye ncha ya sindano. Hakukifuma. Hakukirudisha pia.

"Wifi," akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. "Si macho."

Wifi alianza kutabasamu, akadhani ni mzaha. Kisha akamwona uso.

"Tangu lini?"

Mama Mistari akaitafuta kichwani siku ilipoanza, na hakuwa na hakika.