Kibuyu Kwenye Mnada

Halmashauri ya jimbo letu la kanisa, linalochukua Korogwe na Handeni, ilikuja kukutana kwetu Handeni kupanga malengo. Mimi ni mjumbe upande wa akina mama, na wenzangu wananijua: kunyamaza siwezi. Kuezeka nyumba ya mchungaji kulipita haraka. Kwaya ya vijana ikapita. Lengo la kukomesha ubaguzi ndilo lililotukalisha Jumamosi nzima.

"Ubaguzi ni mambo ya Makaburu," alisema mwenyekiti, mzee mpole wa kutoka milima ya Lutindi. "Hapa kwetu kuna ubaguzi gani?"

Mjumbe wa Segera akashauri tuandike upendo. Nikamwambia upendo tunauandika kila mwaka, na wafugaji wetu wa Kimasai bado wanakaa benchi la nyuma, pale mlangoni. Akacheka, akasema wenyewe wanapenda upepo. Mwe! Nilichemka mpaka katibu akaniomba nikae chini. Lakini mwishowe tukaliandika kama lilivyo, tena likawa la kwanza. Wakapiga makofi, nami nikapiga.

Jioni nje ya ukumbi nilimkuta mama mmoja wa Kimasai. Sote tunamwita yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Ndiye aliyewaleta wafugaji wa nyikani kanisani, boma moja baada ya jingine. Asipokuja yeye, hawaji. Nikamweleza lengo letu kwa furaha. Wala hakutabasamu.

"Kila mnada ninaleta maziwa, na kila mnada narudi nayo," akasema. "Mnasema yananuka moshi. Kesho naleta tena. Yakirudi, basi, tutasali bomani kwetu."

Kanisani kwetu asiye na fedha hutoa alichonacho, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa uwanjani. Ni saa ya vicheko. Jumapili hiyo mayai yaligombewa, na jogoo mmoja akapandishwa mpaka akafikia bei ya mbuzi. Kisha kikaletwa kibuyu cha yeyo, kirefu, kimevishwa shanga, kimefukizwa ndani kwa moshi wa mti kama wanavyofanya ili maziwa yasiharibike upesi. Mnadishaji akaanza na bei ya soda.

Akina mama wakaanza kupekua mikoba yao kana kwamba wamepoteza funguo. Yeyo alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani, anatutazama.

"Mwenyekiti!" nikapaza sauti. "Lengo la kwanza hilo linanadiwa, mbona umeinama?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akanyoosha mkono. Nikampandishia bei. Wa Segera naye akaingia, tukashindana hadi tukaipita bei ya jogoo, na mwenyekiti akakichukua. Vigelegele! Yeyo alicheka kwa sauti, akafuta macho kwa ncha ya shuka lake. Sikuwahi kumwona akicheka kanisani. Jamani, nilifurahi siku ile, nikaona tumeweza.

Wageni walikula ofisini kwa mchungaji, sisi wenyeji tukala nje na kwaya. Walipokwisha kuondoka, yeyo akanifuata kuulizia kibuyu chake. Yanayouzwa ni maziwa. Kibuyu ni cha marehemu mama yake, lazima kirudi. Tukaingia ofisini pamoja. Kilikuwa juu ya meza, kati ya vikombe vichafu. Vikombe vile vilikuwa na chai, imebaki chini chini. Chai ya rangi, vyote.

Yeyo akakiinua, na mkono ukashuka kwa uzito. Akakitikisa karibu na sikio.

"Kimejaa," akasema.

Nikaanza kumtetea mwenyekiti: amesahau, dereva alikuwa anawaharakisha. Nilijisikia nikisema na nikaona aibu. Nikasuuza kikombe kimoja, nikamwomba animiminie. Maziwa yalikuwa na moshi, ndiyo, na yalikuwa matamu. Nikaomba tena. Akanimiminia, kisha akafunga kibuyu taratibu, kama mtu anayefunga safari.

"Wewe umekunywa, asante," akasema. "Mwenzako amelipa ili nisirudi nayo. Tazama, ninarudi nayo."

Nikamshika mkono, nikamwambia asubiri, nitampigia mwenyekiti simu, nitamrudisha hata kama amefika Mkumbara. Akasema nimwache mzee wa watu aende nyumbani. Akakitia kibuyu begani, akatoka.

Jumapili iliyofuata nilifika mapema, nikakaa benchi la nyuma kuwasubiri. Kengele ya pili ikapigwa, wimbo wa kwanza ukaimbwa. Nilikuwa peke yangu pale, na upepo ni kweli unaingia.