Rabson na Rektifaya ya Modeli Nyingine

Kama pikipiki iliwahi kukuzimikia pale Iyunga, Mbeya, halafu watu wakakuelekeza kwa fundi atakayekutukana kwanza ndiyo akutengenezee, basi ulielekezwa kwa Rabson Kalinga. Bango hakuwa nalo. Alikuwa na mdomo. Madereva wa bodaboda walikuwa wakimsikia toka ng'ambo ya lami wanajua leo yupo.

"Lusekelo, hii betri umeiua wewe au imejiua yenyewe?"

"Fundi, nimeikuta tu imezima."

"Umeikuta! Kwani ulikuwa umeiacha wapi, kwa mchepuko?"

Kijiwe kizima kinaanguka kicheko. Lusekelo mwenyewe anacheka, ingawa betri ni yake na aibu ni yake. Rabson alikuwa na kipaji hicho: anakuchoma mbele za watu, na wewe unaondoka unamshukuru. "Poa mwanangu, jioni njoo uchukue," anakwambia. Kila mtu kwake alikuwa mwanangu. Dereva mwanangu, mteja mwanangu, hadi trafiki akishaenda zake, mwanangu.

Kazi yake ilikuwa umeme wa pikipiki, na kilichompa jina ni rektifaya. Kama hukijui, ni kile kidude chenye mapezi mapezi kama radieta ya gari. Kinapokea moto wa umeme unaotoka kwenye koili ya injini, kinautuliza, kinaupeleka kwenye betri kwa adabu. Kikifa, ama moto hauji kabisa na honi inalia kama mbuzi mwenye mafua, ama unakuja bila breki, balbu zinaungua na betri inachemka kama sufuria ya maharage. Sasa ukute ya modeli yako madukani haipo. Mafundi wengine wanakwambia uagize Dar, usubiri. Rabson anachukua ya modeli nyingine kabisa, anakata soketi, anaunga waya kwa waya, anafunga. Alikuwa anaiita ndoa ya mseto.

"Padri akikataa, mimi nafungisha," anasema.

Na nyumbani kwake ilikuwa vilevile. Yeye Mhehe wa Iringa, Mkatoliki wa kubatizwa utotoni. Mkewe Roza alikuwa Msukuma, ukoo wake ulishuka na ng'ombe kutoka kaskazini ukaweka makazi Ubaruku, kwenye mpunga. Roza alikuwa analeta mchele kuuza Iyunga, mgongoni kafunga mtoto. Baba wa mtoto hakuwa na habari nao. Rabson akaanza kununua mchele mwingi kuliko tumbo lake, watu wakastuka, mwisho akaoa. Mama na mtoto. Mtoto ndiyo Bujiku.

Roza alifariki Bujiku akiwa bado shule ya msingi. Baada ya matanga, kaka wa Roza, Mathew, akaja kutoka Ubaruku na maneno mafupi. Mtoto ni wa kwao, arudi kwa wajomba zake.

Waliokuwepo wanasema ndiyo siku pekee Rabson aliongea bila kuweka kichekesho. "Shemeji, kila kitu cha Roza chukua. Vyombo, nguo, hata kitanda. Huyu ni mwanangu." Mathew akamtazama, akatazama mtoto aliyeng'ang'ania suruali ya Rabson, akaondoka. Shuleni aliandikwa Bujiku Rabson, na kanisani hivyohivyo.

Akakua, akawa fundi. Tena fundi wa kukera, maana alikuwa anapima kila kitu. Rabson anaangalia rangi za waya, anaunga. Bujiku anashika mita ya umeme.

"Baba, usiamini rangi. Waya wa kijani kwa pikipiki ya Mchina ni bodi, yaani hasi, kwa ya Mhindi unaweza kuwa mambo mengine."

"Nimefunga hizi wewe ukiwa unakojoa kitandani."

"Ndiyo maana zilikuwa zinaungua."

Kijiwe kinaanguka tena, na safari hii aliyechomwa ni Rabson. Anajifanya kununa. Lakini ukimwangalia vizuri, alikuwa anaona raha mpaka masikio yanasogea.

Sasa ikaja harusi ya Eveline, binti wa Devotha, dada yake Rabson anayeishi Iringa mjini. Baba na mwana wakapanda pikipiki yao, safari ndefu, upepo wa Makambako unawapiga mpaka meno. Walipopita Mafinga, Bujiku nyuma akasema ananusa asidi. Wakasimama. Betri inachemka, balbu ya mbele imeshaungua. Rektifaya imekufa.

Wakaichomoa, betri ipumzike, wakaenda hivyohivyo mdogomdogo mpaka Iringa. Madukani ya modeli yao hakuna. Wakachukua ya pikipiki nyingine, soketi hata haifanani. Wakakaa uani kwa Devotha, suti zimening'inia kwenye kamba, wao wana mikono myeusi. Shangazi na wajomba wanapita wakisalimia kwa Kihehe, "Kamwene," baba na mwana wanajibu bila kuinua kichwa. Bujiku akapima, Rabson akaunga, wakawasha. Mita ikapanda mpaka volti kumi na nne na kitu, ikatulia hapo, hata ukivuta mafuta haitikisiki.

"Imekubali," Bujiku akasema.

"Itakataaje? Imepata familia nzuri," Rabson akajibu. Wakagonga mikono.

Yaani hiyo ilikuwa saa chache tu kabla ya yale ya ukumbini.

Ukumbini, baada ya chakula, kikaja kipengele ambacho hakuna sherehe ya Kitanzania inayokikwepa. Utambulisho. MC akazunguka na maiki, kila mkubwa wa ukoo anasimama anataja aliokuja nao. Ikafika zamu ya mjomba wa bibi harusi kutoka Mbeya. Rabson akasimama, suti ina mkunjo wa kamba, maiki mkononi. Ukumbi ukawa tayari unacheka, maana wanamjua. Na wapo pia wazee wa ukoo ambao miaka yote walikuwa wananong'ona kuhusu yule kijana mrefu mweusi asiyefanana na Kalinga yeyote.

Rabson akawaona wale wazee. Akaona ukumbi unasubiri. Na yeye mtu akisubiri kuchekeshwa, hawezi kumwacha na njaa.

"Mimi naitwa Rabson, fundi. Na huyu hapa niliyekuja naye," akamshika Bujiku begani, "huyu ni rektifaya ya modeli nyingine. Ya kwangu haikupatikana dukani, nikamfunga huyuhuyu. Na anachaji vizuri tu!"

Ukumbi ulipasuka. MC akakaa chini. Kuna mama alimwaga soda. Bujiku naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, akapunga mkono kama mheshimiwa. Rabson akarudi kukaa, moyo kwatu, anajiona leo kaua.

Kurudi Mbeya, Bujiku nyuma hakuongea. Rabson akadhani ni uchovu. Wiki zikapita, kijana yupo kazini, anapima, anafunga, ila ule mdomo wa kumjibu baba yake ukawa haupo. Rabson anarusha neno, linaanguka chini, hakuna anayeliokota. Halafu siku moja Bujiku akasema anaenda Ubaruku kusalimia wajomba. Akachukua begi. Akachukua na mita.

Hakurudi.

Simu alikuwa anapokea. "Mzima. Kazi zipo. Nitakuja." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hicho ndicho kilichomvuruga Rabson, maana hasira angeijibu. Akajipa sababu zote: mwanamke, mpunga, pesa. Mpaka siku aliyopigiana simu na Devotha kwa mambo mengine, akamlalamikia.

Devotha akamkatiza. "Kaka, ile siku ya harusi alinifuata jikoni. Akaniuliza, 'Shangazi, hivi mimi hapa ni nani?' Na mimi nilikuwa na masufuria, nina kichwa cha sherehe. Nikamwambia, si umesikia mwenyewe, wewe ni rektifaya! Nikacheka. Nilidhani na yeye anatania."

"Akasemaje?"

"Akanisaidia kubeba sufuria la wali. Basi."

Rabson alikaa pale kijiweni na koili mkononi, wateja wanamwita, haitiki. Kwa kweli ndiyo mara ya kwanza alijaribu kuusikia ule utani kwa masikio ya aliyefungwa, siyo ya aliyefunga. Ya kwangu haikupatikana. Nikamfunga huyuhuyu.

Kesho yake akawasha pikipiki kwenda Ubaruku. Ile rektifaya ya Iringa ilikuwa inachaji safi, haijawahi kumsumbua. Sasa unamwendea mtu mzima, fundi mwenzako, unamwambia nini? Nimekuja kukuomba uwe mwanangu? Alipofika Igawa, kabla ya kuiacha lami, akasimama, akafungua kiti, akachomoa waya mmoja wa rektifaya kwa mkono wake mwenyewe. Akafunga kiti. Angalau sasa alikuwa na tatizo la kupeleka kwa fundi.

Ubaruku ni mashine za kukoboa, vumbi la pumba, na trekta zinazokatiza bila kuuliza. Akamuuliza dereva mmoja, "Mwanangu, fundi Bujiku anakaa wapi?" Akaonyeshwa kibanda cha bati karibu na mashine ya mpunga. Kwenye bati wameandika kwa rangi nyekundu: BUJIKU MATHEW, UMEME WA PIKIPIKI.

Alilisoma jina lile kama mtu asiyejua kusoma, herufi moja moja.

"Shikamoo," Bujiku akasema. Ikaishia hapo. Zamani ilikuwa na mkia, shikamoo baba.

"Marahaba, mwanangu." Na Rabson akalisikia neno lenyewe lilivyo jepesi. Si ndilo amempa yule dereva pale kona sasa hivi?

"Inasumbua nini?"

"Haichaji."

Bujiku akafungua kiti, akachuchumaa, akaweka mita. Hakuchukua hata muda. Akaushika ule waya, akautazama ncha yake, safi, haujaungua, haujakatika. Akamtazama na mzee. Rabson akajifanya anaangalia trekta.

"Huu haujakatika," Bujiku akasema taratibu. "Umechomolewa."

"Barabara mbaya."

"Ndiyo. Barabara mbaya." Pembeni ya mdomo kikaja kitu kama tabasamu, cha zamani kabisa, cha kijiweni Iyunga. Akainama, akaanza kuurudisha waya, polepole kuliko ilivyohitaji. Ni kama alikuwa anampa mzee nafasi.

Rabson akaanza. "Ile siku Iringa..."

"Ulikuwa utani. Najua." Alisema akiwa ameinama. "Na ulikuwa mzuri. Hata mimi nilicheka."

"Bujiku."

"Nishikie hapa."

Akashika hapo. Mikono minne kwenye waya mmoja, kama zamani.

Ndipo akatokea msichana kwa nyuma ya kibanda, kitenge kipya, beseni la maji ya kunawa mkononi. Bujiku akasema bila kugeuka, "Huyo ni Catherine. Mke wangu." Kumbe ameoa. Rabson hakuambiwa hata kwa meseji.

Catherine akaweka beseni chini. Akamwona mgeni ni mtu mzima, akataka kupiga goti, kisha akasita katikati, maana kwao goti la mteja na goti la baba mkwe siyo moja, na amsalimie vipi hakuambiwa na mtu. Akamtazama mumewe. Mume kainamia pikipiki. Basi akamuuliza mwenyewe, kwa heshima zote.

"Mzee, samahani. Nikusalimie kama nani?"

Bisibisi iliyokuwa inazunguka mkononi mwa Bujiku ikasimama.

Rabson aliliona bango. Akamkumbuka Mathew miaka ile, akiondoka mikono mitupu. Akajiambia wewe ulishika maiki mbele ya ukumbi mzima, ukasema ulichosema, leo utajiita baba wa mtu kwa haki gani? Hapa usimpore kijana hata heshima yake mbele ya mkewe. Kwa mara ya pili maishani aliongea bila utani, na aliongea kwa unyenyekevu kabisa.

"Kama mteja tu, mama. Mimi ni fundi natoka Mbeya."

Catherine akapiga goti dogo, la mteja. "Karibu sana, fundi."

Halafu bisibisi ikaanza tena kuzunguka, haraka sasa, ikamaliza, kiti kikafungwa. Bujiku akasimama, akapangusa mikono, akawasha pikipiki, akasoma mita.

"Imepona. Safari njema, fundi."

Rabson alikuwa ameshavuka madaraja na mashamba, lami ya Igawa inaonekana mbele, ndipo akaisikia vizuri ile bisibisi iliyosimama. Ilikuwa inasubiri jibu, neno moja tu: baba. Akapunguza mwendo, akaweka mguu chini, injini inaunguruma, taa ya mbele inawaka sawasawa mchana kweupe. Akageuza pikipiki kuelekea Ubaruku. Akakaa hivyo, malori yanampita. Akajiuliza akifika atachomoa nini tena.

Akaigeuza kuelekea Mbeya.