Lori la Sirili Mbele ya Mashine Mbili

Sirili wa Masama ameendesha lori la ndizi tangu hajaota mvi, na miaka yote hiyo lori lake limekuwa likinuka kabla halijaonekana. Likishuka mlimani, watu wa Pasua huanua nguo kwenye kamba. Yeye mwenyewe husema ni injini yenye pumzi nzuri. Akina mama wanaopeleka ndizi zao sokoni Holili, wakikaa juu ya mikungu na khanga puani, wana jina lao la pumzi hiyo, nalo halifai kutajwa na mtu aliyetoka kupokea komunyo.

Siku moja mwenyekiti wao, Mama Salvina, alimvuta pembeni.

"Mangi, tumevumilia kama mapadre. Kuanzia Jumatano tunatafuta lori lingine."

Bila akina mama hao, Sirili angebaki kubeba upepo. Kwa hiyo aliposikia kuwa Rachel, binti mmoja wa chuo, anatafuta lori la dizeli lenye moshi ili alinganishe mashine mbili za kupimia chembe za moshi wa ekzosi, aliona mbingu zimefunguka. Lori litapimwa, litafaulu, na Mama Salvina atakuwepo kushuhudia. Rachel alimweleza mara mbili kwamba mtihani ni wa mashine, wala si wa lori.

"Lilete lilivyo, baba. Usiguse kitu."

Sasa, kumwambia Mchaga kwamba mgeni anakuja ila asifagie uwanja, ni kupoteza mate. Sirili aliweka nozeli mpya na filta mpya, kisha akalala chini ya lori akasugua bomba la ekzosi kwa brashi ya waya na sabuni ya unga. Ubani tu ndio aliousahau.

Jumanne, kwenye uwanja wa gereji Pasua, aliwasha injini akapiga resi. Kilichotoka nyuma kilikuwa kama pumzi ya mtawa aliyefunga.

Rachel akainama, akachungulia. "Baba, moshi uko wapi?"

"Umehama."

"Nilikuomba usiguse."

"Mwanangu, wewe ungeenda kwa daktari na nguo ya ndani ya juzi?"

Mama Salvina aligeuka akakohoa, japo safari hii si kwa sababu ya moshi.

Rachel akaunganisha mipira ya mashine zake hivyo hivyo, kwa uso wa mtu aliyeandaliwa uji wakati aliagiza nyama. Mashine ya kwanza humulika taa ndani ya moshi na kutazama ni mwanga kiasi gani umezibwa. Ilisema karibu sifuri. Sirili akavuta suruali juu, akamtazama Mama Salvina. Ya pili hufyonza moshi na kuhesabu chembe, moja moja. Ilisema mamilioni, katika hewa isiyojaza kijiko cha chai.

Rachel akaanza kutabasamu.

"Baba, umenisaidia bila kujua. Lingekuja chafu, zote mbili zingelia pamoja, nisingejua ipi ina macho. Kumbe hii ya taa inaona weusi tu. Weusi ukiisha, inalala. Hii nyingine inahesabu hata zisizoonekana."

"Mimi naamini ya taa," alisema Sirili.

"Utaachaje kuiamini?" Mama Salvina alidakia. "Mwizi naye humpenda shahidi kipofu." Akamgeukia Rachel. "Hizo zisizoonekana zinakwenda wapi?"

"Kifuani, mama. Kadiri zinavyokuwa ndogo ndivyo zinavyoingia ndani zaidi."

"Na weusi umepungua kweli?"

"Sana."

Mama Salvina akalizunguka lori polepole, kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Sirili alizima injini ili amsikie vizuri, na pengine ili ile mashine ya pili inyamaze.

"Jumatano tutapanda lako," alisema hatimaye. "Ila hilo bomba ulikate, lisitokee tena nyuma yetu. Litokee kulia, chini ya mlango wako. Wewe si unaamini ya taa?"

Sirili akatazama mashine moja, akatazama nyingine, kisha akaenda kumtafuta fundi wa kuchomelea.

Kesho yake lori lilipita Himo likielekea Holili, akina mama juu ya mikungu wakipiga soga. Joto la tambarare lilikuwa limeshapamba moto, na dereva alikuwa amepandisha kioo chake hadi mwisho.